Kilo Zisizokanyaga Pedeli

Juzi kijana mmoja wa pikipiki alinibeba kutoka mtaa wa Chechelesi, hapa Isiolo, kunipandisha huko juu kwa arusi. Tulipoanza mlima, pikipiki ikaanza kukohoa. Kijana akashusha gia, akashusha tena, kisha akanigeuzia shingo na kuniuliza, "Mzee, kwani uko na kilo ngapi?"

Nilicheka hadi nikamshika mabega nisianguke. Swali hilo niliulizwa kwa sababu ya mlima huohuo miaka ya sabini, kabla babake hajazaliwa, na aliyeniuliza alikuwa ameshanining'iniza kwenye ndoano ya bucha mbele ya wateja. Nikaona afadhali niwaandikie nyinyi vijana, maana mnapanda kule kwa kukunja kifundo cha mkono tu, na hamjui mnapewa nini bure.

Mimi nilikuwa mpelekaji nyama. Jina langu ni Mutwiri, lakini Isiolo nzima iliniita Sindano, na mkiiona picha yangu ya kitambulisho cha enzi hizo hamtauliza kwa nini. Nilimfanyia kazi Mzee Warsame, Msomali mwenye bucha karibu na soko. Babu yake aliletwa huku na jeshi la mkoloni, akapenda upepo wa hapa akabaki, na mjukuu akarithi sauti ya kutoa amri hata kama anaagiza chai. Kila asubuhi, nyama ikishapigwa mhuri, niliipanga kwenye sanduku la mabati lenye matundu ya hewa, nikalifunga kwenye keria kwa vipande vya tyubu, na kuanza safari ya kupanda mpaka shule moja ya bweni huko juu, pale ambapo baridi inaanza na watu wanavaa sweta mchana.

Baiskeli yangu ilikuwa ile nyeusi ya chuma tuliyoiita Blekmamba. Haikuwa na gia. Ilikuwa na breki za vyuma, kiti cha springi kilicholia kama mlango wa posho mill, na uzito wa kutosha kumfanya mwizi afikirie mara mbili. Kuiendesha tupu ilikuwa kazi. Kuiendesha na nusu ya ng'ombe mgongoni ilikuwa kazi nyingine kabisa.

Sasa nisikilizeni kuhusu mzigo. Mtu mwembamba akifunga mzigo mzito nyuma ya ekseli, akifika mlimani gurudumu la mbele linainuka lenyewe, kama mbuzi anayesimama kwa miguu ya nyuma kula majani ya mgunga. Wiki yangu ya kwanza lilinifanya hivyo mbele ya kanisa, Jumapili, watu wakitoka ibada. Nilibaki nimeshika usukani hewani, naangalia mawingu. Mtu mmoja mwenye akili akanishauri nifunge jiwe mbele ili gurudumu litulie. Nikafunga jiwe. Gurudumu likatulia kweli, na mimi nikapandisha jiwe mlima ule kwa majuma kadhaa kabla sijajiuliza shule inalihitaji kwa nini. Dawa yake ilikuwa ndogo tu: kulisukuma sanduku mbele mpaka liguse kiti, na nyama yenye mifupa kuiweka chini upande wa kiti. Hakuna aliyenifundisha. Nilichoka kubeba jiwe, basi.

Ujanja mwingine ulikuwa kushika lori. Malori ya mbuzi kutoka Oldonyiro yalipopanda polepole kwenda masoko ya juu, mtu alishika mnyororo wa nyuma kwa mkono mmoja akavutwa kama bwana mkubwa. Nilifanya hivyo mpaka siku mbuzi mmoja alipotoa kichwa kati ya mbao akala kofia yangu nikiwa siwezi kuachilia mkono wowote. Kofia ningeisamehe. Shida ni kwamba nyama ilifika ikinuka moshi wa dizeli, na mpishi mkuu wa shule, mtu anayeitwa Zakayo, akainusa, akaninusa na mimi, akasema ile siyo nyama, ni stovu. Tangu hapo akapiga marufuku malori.

Zakayo mtamsikia tena, kwa hivyo mjue alivyokuwa. Alikuwa mtu mfupi mwenye mwiko mrefu, na bursa, mtunza fedha wa shule, alimwachia mambo yote ya jikoni kwa sababu alimwogopa. Alikuwa na sheria moja: nyama iwe jikoni kabla moto wa chakula cha mchana haujawashwa. Ikichelewa, wanafunzi wanakula maharagwe, na wanafunzi wakila maharagwe siku ya nyama, yeye ndiye anayeimbiwa nyimbo mbaya bwenini.

Wakati huo bucha mbili ziligawana shule ile. Nusu ya nyama ilitoka kwetu, nusu ilitoka kwa Mzee Huka, Mborana mpole aliyeongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Mpelekaji wake alikuwa Mturkana anayeitwa Ekai. Kabla ya hapo Ekai alikuwa akipakia mifugo kwenye malori, na mabega yake yalijaza mlango. Tulianza mlima pamoja karibu kila asubuhi. Pale panaposimama kabisa, Kona ya Punda, tulishuka, tukasukuma baiskeli yake wote wawili, kisha tukarudi kuchukua yangu. Alikuwa mpinzani wangu kwa kazi na rafiki yangu kwa mlima, na hatukuona ajabu yoyote.

Basi ikaja sikukuu ya Idd. Vijana wa mji wakaamua kushindana kwa baiskeli kutoka sokoni mpaka Kona ya Punda, baiskeli tupu, bila mzigo. Wote walimtazama Ekai. Hakuna aliyenitazama mimi isipokuwa mama mmoja aliyeuliza kama nimekula. Tulipokuwa kwenye tambarare Ekai alinipita kama nimesimama. Lakini barabara ilipoinuka, nikamwona anarudi kwangu polepole, shati limemganda mgongoni, anahema kama ng'ombe wa jembe. Nikampita. Nikafika Kona ya Punda peke yangu, nikakaa juu ya jiwe, nikapata nafasi ya kufikiria maneno ya kumwambia akifika.

Mzee Warsame alitembea na ushindi ule hoteli zote za chai. "Kijana yangu," alisema, "mlima ni kama nyumba yake."

Kesho yake tukapakia nyama, na Ekai akaniacha chini kama kawaida, akaningoja Kona ya Punda.

Hapo ndipo Warsame alipochanganyikiwa, na mimi pia, na nilitumia miaka mingi kwenye kiti kile cha springi kabla sijaelewa. Kwenye tambarare unapigana na upepo, na upepo haujali sana uzito wako. Mlimani kila kilo inabebwa kwenda juu, na miguu ndiyo inayobeba. Kwa hivyo chukua nguvu yote uliyo nayo, uigawie kila kilo inayopanda: mwili, baiskeli, mzigo. Bila mzigo, mimi nilikuwa na kilo chache za kugawia, kila moja ikashiba. Ekai alikuwa na nguvu nyingi kuliko mimi, lakini pia alikuwa na mwili mkubwa wa kuulisha, na nguvu yake ikaisha ikilisha mabega. Sasa tuwekee sisi wote sanduku lilelile la nyama. Kwake ni kama kuongezewa mgeni mmoja mezani. Kwangu ni kama familia nzima imehamia. Ndiyo sababu mwembamba anashinda akiwa mtupu na mnene mwenye nguvu anashinda akibeba, na hakuna uchawi hapo.

Miaka ya themanini mwalimu mmoja alileta baiskeli ya gia, tukaizunguka kama ndege imeanguka. Nikaijaribu. Ni nzuri, sikatai, lakini msidanganywe. Gia haikuongezei nguvu hata kidogo. Inakukatia tonge ndogo ndogo ili usipaliwe, na sufuria ya ugali inabaki ileile. Lakini nimeruka mbele, turudi.

Karibu na mwisho wa muhula Zakayo alituita mimi na Ekai jikoni, akatuelekezea mwiko. "Bursa amechoka na bucha mbili," akasema. "Muhula ujao tunataka moja, ilete nyama yote. Siku ya kufungua shule, nyama ya kwanza kuingia kwa hii mlango ndio itabaki. Ingine irudi ikauze matumbo sokoni."

Tulishuka mlima siku hiyo kila mtu akipiga hesabu yake. Makena, mke wangu, alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, na tulikuwa tumepanga chumba kimoja Chechelesi ambacho mvua ilikijua vizuri. Warsame naye hakunificha. Alisema shule ikienda, hana kazi ya mpelekaji, na baiskeli itauzwa. Niliogopa. Nilikuwa sijui kufanya kitu kingine chochote, na kurudi kwetu Meru na mke mjamzito kumwomba babangu sehemu ya shamba kulinifanya nijisikie kuwa mtoto tena. Usiku sikulala vizuri, na Makena alijua, kwa sababu kitanda kile kilitangaza kila kitu.

Warsame, kwa upande wake, alifikiria. Mjue kwamba huyu ni mtu aliyezaliwa kati ya mifugo, na katika mifugo hakuna swali lisilojibiwa na mizani. Asubuhi moja aliniita bucha, akanipitisha gunia chini ya kwapa, akaliunganisha na ndoano, akaninyanyua kwenye ile mizani ya kupimia robo ya ngamia. Nikaning'inia pale, miguu ikitafuta sakafu, kati ya paja la ng'ombe na mbavu za mbuzi.

"Warya, kwani wewe iko na kilo ngapi?" akaniuliza, ingawa ndiye aliyekuwa akisoma mizani. Kisha akasoma, akasikitika. "Mbuzi dume ya Oldonyiro inakushinda! Mimi naweka shule yangu juu ya mtu kama hii?"

Mama mmoja aliyekuwa akinunua maini alinitazama juu hadi chini. "Hii ni ya leo ama ya jana?" akauliza. Bucha yote ikacheka. Nami ningecheka kama gunia halikuwa likinikata kwapa.

"Sikiliza Sindano," Warsame akasema baada ya kunishusha. "Ekai anakushinda kwa sababu gani? Kwa sababu iko na nyama kwa mwili. Nguvu ni nyama. Sasa shule imefunga. Mimi nitakuweka nyama."

Na akaniweka. Likizo yote ya shule nilinenepeshwa kama fahali wa mnada. Asubuhi kikombe cha mafuta ya mkia wa kondoo, yameyeyushwa, na sharti niyameze yakiwa moto kabla hayajaganda kwenye ndevu. Halafu maziwa ya ngamia. Mchana maini na wali wenye samli. Jioni nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa ikauka na kuhifadhiwa ndani ya mafuta yake, ambayo mtu akianza haachi mpaka aone chini ya kopo. Nilipouliza kama nichukue baiskeli nifanye mazoezi kidogo, Warsame alishtuka. "Ng'ombe ya kunenepesha haitembezwi!" akasema, akaitundika baiskeli ukutani, juu, mahali nisipofika.

Nitawaambia ukweli: nilifurahi. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona chakula kinanifuata. Na mwili ulipoanza kujaa, mji ukaanza kunisalimia upya. Watu walioniita Sindano wakaanza kuniita Bwana Mutwiri. Karani mmoja wa serikali aliniachia kiti ofisini kwake, akidhani nimeingia biashara ya ng'ombe. Kwetu tumbo lilikuwa barua ya kukutambulisha. Makena alifumua mishono ya suruali yangu kuipanua, akafumua tena, mwisho akaniambia, "Nguo imeisha, Mutwiri. Sasa ni wewe unabaki." Mimi nikijitazama kwenye kioo cha kinyozi nilimwona mtu wa kumshinda Ekai.

Warsame alinipima tena kabla ya shule kufunguliwa. Mizani ililia. Yeye karibu alie kwa furaha.

Siku ya kufungua niliondoka sokoni alfajiri, sanduku limejaa, Makena amenifungia kifurushi kwenye usukani. Kwenye tambarare nilienda vizuri sana. Nilijiona mfalme. Kisha mlima ukaanza, na mlima haukuuliza kama nyama iko kwenye sanduku au tumboni. Yote ilikuwa nyama ya kupandishwa. Miguu yangu iliyokuwa imelala likizo nzima ilikuwa ileile ya zamani, au pungufu kidogo, na sasa ilipewa Mutwiri wa pili ambaye hakujua kukanyaga pedeli. Kila goti lilipopanda lilikutana na tumbo. Nilipoinuka nisimame juu ya pedeli ili uzito unisaidie kusukuma, nilisikia suruali ikiniaga kutoka nyuma. Nikakaa haraka. Nikajaribu kukata barabara kwa mshazari, huku na huku, kama tunavyofanya mlima ukizidi. Pumzi ikagoma. Mafuta ya mkia wa kondoo yakaanza kupanda nayo kooni, yakitaka kuona njia.

Nikashuka. Nikasukuma. Nilikuwa na uchungu, vijana, msione nacheka sasa. Nilijua Ekai yuko mbele, nikawaza mtoto wangu anazaliwa baba hana kazi, na jasho likaingia machoni likasingiziwa mambo mengine.

Nilipoikaribia Kona ya Punda nikaona baiskeli imeegemea jiwe, na kando yake mtu ameketi chini, kichwa kati ya magoti. Sikumjua. Suruali yake ilikuwa imefungwa kiunoni kwa kipande cha tyubu, na mabega yalikuwa yameacha shati likae peke yake. Akainua uso.

"Ekai?"

"Ni mimi, Sindano." Akaniangalia tumbo. "Umefura nini?"

"Nimelishwa. Na wewe?"

"Mimi nimenyimwa," akasema.

Akanieleza kwa sauti ya mgonjwa. Mzee Huka alikuwa ameona mashindano ya Idd kwa macho yake. Aliona mwembamba anampita mnene mlimani, akaondoka pale na elimu yake. Likizo yote, wakati mimi nakunywa mafuta, Ekai alipewa chai ya rangi na shada la miraa ili njaa imsahau. Ugali hapana. Nyama hapana, na yeye anafanya kazi kwa bucha. "Mzee anasema nikiwa kama wewe, nitapanda kama wewe," akasema. "Sasa mimi niko kama wewe, lakini naona barabara mbili."

Nilimwelewa vizuri. Ukimnyima mtu kama Ekai chakula, mwili hauchomi mafuta peke yake, unakula na msuli uliokuwa ukisukuma pedeli, na damu inakosa sukari. Kilo zilitoka, zikatoka na nguvu yake.

Hapa ningeweza kupita. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikupita, na jibu langu la kwanza ni kwamba sikuwa na pumzi ya kumpita hata konokono. Lakini pia alikuwa Ekai. Mtu aliyesukuma baiskeli yako mahali pale asubuhi nyingi hivyo, huwezi kumwacha chini anaona barabara mbili. Nikafungua kifurushi cha Makena. Kulikuwa na chupa ya chai ya maziwa iliyotiwa sukari bila huruma, chapati, na kopo la nyirinyiri.

"Kunywa chai kwanza," nikamwambia. "Nyirinyiri baadaye, hiyo inachelewa kufika miguuni."

Alikunywa chai yote. Akala chapati zote. Nilimwona akirudi duniani kidogo kidogo, macho yakianza kuniona kama mtu mmoja. Kisha akala nyirinyiri, akalamba kopo, akajinyoosha. Mwili ulikuwa umepungua, lakini mifupa ilikuwa ya Ekai bado.

"Sindano, asante," akasema. Akashika baiskeli yake, akaitazama njia, akanitazama mimi, akaona haya. "Lakini unajua iko mashindano."

"Najua."

"Basi mimi naenda."

Akaenda! Nilisimama pale na kopo tupu mkononi nikimtazama mtu anapanda kwa chai yangu, kwa sukari yangu, kwa chapati alizokanda mke wangu. Aliinuka juu ya pedeli na kuzikanyaga kama mtu aliyekumbuka ameacha nyumba wazi. Nilimtukana kwa Kimeru, kisha nikaanza kusukuma.

Nilifika jikoni nikiwa nimejifunga shati kiunoni kuziba suruali. Nyama ya Huka ilikuwa tayari mezani, na Zakayo alikuwa ameshika kiberiti. Alinitazama, nadhani alinihurumia, lakini sheria yake ilikuwa sheria. "Yako nitapika jioni," akasema. "Ya kesho ni ya Huka." Ekai alikuwa nje ya mlango, hakuniangalia machoni.

Kumwambia Warsame kulikuwa kugumu, lakini kumwambia Makena kulikuwa kugumu zaidi. Warsame alisikiliza, akaangalia mizani yake kwa muda mrefu kama mtu aliyesalitiwa na ndugu, akasema tu, "Kilo ilikuwa sawa. Mimi niliona kilo." Makena alinisikiliza mpaka mwisho, hata pale nilipofikia chapati. Hakunigombeza. Alianza kukunja nguo zetu na kuzipanga kwenye sanduku, akaniambia tutakwenda kwa babangu mwisho wa mwezi. Ningependa kama angenigombeza.

Tulikuwa tumefunga karibu kila kitu niliposikia mtu anabisha. "Salaam aleikum, iko watu?" Ilikuwa sauti ya Mzee Huka. Nikafungua. Huka alikuwa mbele, Ekai nyuma yake na bandeji kwenye kiwiko, na nyuma kabisa Mzee Warsame ameshika baiskeli yangu, amenuna.

Huka alieleza polepole. Sasa shule ilikuwa yake yote, na nyama ilikuwa mara mbili. Ekai alifungiwa masanduku mawili kwenye keria, akafika karibu na Kona ya Punda, gurudumu la mbele likaenda mbinguni na Ekai akakaa barabarani. Nyama ikalala vumbini, Zakayo akapika maharagwe, na huko bwenini nyimbo zikaimbwa. Ekai alikataa kurudi mlimani peke yake. Alisema ule mzigo unataka watu wawili na yeye anamjua wa pili. Na kwa kuwa mtu hamchukui mfanyakazi wa mwenzake kama kuku aliyepotea, Huka alikwenda kwanza kwa Warsame kuniomba.

"Mimi nimekubali," Warsame akasema. Akanikabidhi baiskeli kama anayetoa binti. "Chukua, hii kiti imeshazoea wewe. Lakini Mungu anaona! Fahali nimenenepesha mimi, sasa inaenda kulima kwa Huka!"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nikasimama mlangoni nimeshika usukani, siwezi kuchagua. Ekai alikuwa ameanza kutabasamu.

Mzee Huka hakutabasamu. Alikuwa akinikagua kuanzia kichwani, na macho yake yakafika tumboni yakakaa hapo. "Iko neno moja," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Mimi naandika mtu moja tu. Huyu ingine umebeba hapa mbele, wacha nyumbani."

Kabla sijajibu, Makena akanisukuma kando akatoka, mkono kiunoni, tumbo lake likimtangulia.

"Mzee, huyo wake ataisha kwa hiyo mlima," akasema. "Wa kubaki nyumbani ni huyu wangu, na huyu atataka maziwa. Sasa niambie vizuri: anaanza lini?"

"Kesho," Huka akasema, akarudi nyuma mpaka akamkanyaga Ekai.